Kuta Tatu za Nelima

Nelima alikuwa ameshavuka mtaro wa Kawangware, mwiko na timazi ndani ya gunia, anarudi kijiji cha Raila, Kibera, kwa miguu, Phanuel alipomfikia.

“Nyapara amekukataa tena?”

“Ati ukuta yangu imepinda. Wiki ya tatu sasa, na inapindia macho yake tu.”

Phanuel alikuwa shemeji yake na fundi mwenzake, na alijua kisa. Mapema mwaka huo wa tisini na sita, Nelima alimshtaki nyapara Gerishon kwa ofisi ya leba, wanakosikiliza malalamiko ya wafanyakazi, kwamba kwake mwanamke ni wa kubeba maji tu, hata awe fundi. Tangu hapo hapati kazi. Afisa wa leba alimwambia alete ushahidi.

Gerishon alikuwa na desturi yake. Anayetaka kazi hujenga kozi tatu za mawe, safu juu ya safu, nyuma ya ploti, anaandika jina kwa chaki, anajitenga. Nyapara hupima akitoka kunywa chai.

“Nipe jina lako niandike kwa ukuta yangu,” Nelima akasema.

“Shemeji, ukinichomea kazi nitakula nini?”

“Tutalala njaa pamoja.”

Phanuel alicheka, wakatembea mpaka mtaa wa Ayany. Hapo akakubali.

Kesho yake alfajiri Nelima alijenga kuta tatu peke yake, Waithira mwenye ploti akimtazama kutoka mlangoni. Mmoja aliuandika Phanuel. Wa pili Musimbi, binamu yake wa kike asiyewahi kumshtaki mtu. Wa tatu jina lake mwenyewe.

Gerishon alikuja, Waithira nyuma yake. Kwa ukuta wa Phanuel alishusha timazi. “Hii ni kazi ya mwanaume. Aandikwe.”

Kwa Musimbi alishusha tena. “Imenyooka. Lakini huyu mpe ndoo ya maji.”

Kwa Nelima timazi haikutoka mfukoni. “Huyu wa leba? Imepinda.”

“Pima,” Waithira akasema.

Alipima. Ulikuwa umenyooka.

“Zote tatu amejenga Nelima. Nilikuwa hapa,” Waithira akasema.

Phanuel, kando ya rundo la mchanga, alisahau woga. Miaka kumi na miwili ya mwiko, na hakuwahi kuona mtu akimshika mwongo kwa mawe.

Waithira aliandikia ofisi ya leba barua kwa mkono wake. Gerishon alifutwa, akapata unyapara kwingine. Musimbi alijifunza kujenga. Phanuel aliandikwa chini ya Nelima, nyapara mpya, na mara mbili alibomoa alichojenga kwa kuwa kilipinda. Nelima alimaliza vyumba kumi na vinne vya ploti ya Waithira. Faili la leba lilifungwa, ushahidi ukiwa ndani.