Wigi la Mke wa Kaisari

Katika Johannesburg nzima, anayeniita Amisa ni karani mwenye fomu mkononi. Kwa wakwe zangu mimi ni Nomsa, jina walilonipa siku ya kwanza bila kuniuliza, mume wangu aliporudi kwao kutoka uhamishoni akanileta kutoka Morogoro. Kwa wateja wangu hapa mtaani Berea, ninaowasuka nywele, mimi ni Mama Lerato. Mume alikuwa akiniita Amisa, naye ameshafariki. Nimechoka, ila ukilalamika unaambiwa ni heshima.

Huyo Lerato ni mwanangu wa pekee, anafanya kazi kwenye makumbusho madogo ya vitu vya kale. Alhamisi alasiri aliingia saluni kwangu amenuna. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha Godelieve, Mrundi wa ghorofa ya tatu, mtu asiyeweza kutuliza shingo hata dakika moja.

"Mama, hebu tazama," Lerato akanisogezea simu. Kiswahili anakielewa, lakini yeye hujibu kwa Kizulu na Kiingereza. Hapa naandika yote kwa Kiswahili, nisichoke mara mbili.

Ilikuwa picha ya sarafu kuukuu ya shaba, iliyogongwa na mji mmoja wa mashariki zama za Warumi. Katikati kichwa cha mwanamke, ukingoni herufi zilizosagika hazisomeki. Jumamosi makumbusho yangefungua maonyesho ya sarafu thelathini za wake na mama wa makaisari, kila moja na kadi yake. Hii peke yake haikuwa na jina.

"Naandika Faustina Mdogo," alisema. "Kifundo cha nywele kiko kisogoni. Eish, saa kumi na moja kadi zinakwenda kuchapwa."

"Sarafu nyingine ya huyo Faustina unayo?"

Akanionyesha. Nywele za Faustina zilikuwa zake mwenyewe, zimevutwa nyuma, kifundo kidogo. Nikarudi kwa yule asiye na jina. Yeye alikuwa na mawimbi mazito yaliyoshuka yakafunika masikio, na kisogo kipana kama mkate wa kumimina. Shavuni, chini ya ukingo wa hayo mawimbi, kijinywele kimoja kilikuwa kimechomoza.

"Huyu amevaa wigi," nikasema.

"Mama, tafadhali. Watu wamesomea haya."

"Na mimi nimeshona mawigi miaka ishirini. Hicho kijinywele ndicho chake, kimetoroka chini. Huyo Faustina wako hajavaa kitu."

"Ni kweli, Mama Lerato," Godelieve akadakia, akageuza shingo, akaniharibia mstari. "Ile yangu ya Noeli ilikuwa inafanya vile vile."

Lerato akaivuta picha, akapekua nyingine, akazilinganisha moja moja. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Julia Domna." Akanieleza mbio mbio: mwanamke wa Siria, aliolewa na kaisari mzaliwa wa Afrika Kaskazini, akamfuata mume mpaka vitani, wakampa cheo cha Mama wa Kambi. Nikampenda papo hapo. Mume wangu alinikuta Morogoro nikipika kwenye kambi yao ya wapigania uhuru.

"Nitakutaja kwenye kadi," Lerato alisema akiwa mlangoni. "Sharp, sawa?"

Nikamwambia sina haja. Nilidanganya. Kabla hajafika chini nilikuwa nimeshampigia dada yangu Morogoro, nimemwambia jina langu linawekwa makumbusho. Jumamosi nikafunga saluni, nikavaa gauni la harusi za watu, nikamchukua Godelieve awe shahidi.

Kadi ilikuwa nje ya kioo, nyeupe, safi. Julia Domna, kwa herufi kubwa. Chini yake: Ametambuliwa kwa nywele zake na Mama Lerato.

Nikasoma mara mbili. Godelieve akapiga makofi. Lerato alisimama pembeni anatabasamu, anangoja asante. Hakuwa na ubaya, aliona amenipa heshima, na hilo ndilo lililonikera zaidi: sikuwa na wa kugombana naye.

"Huyu mwanamke," nikamuuliza, "alikuwa na watoto?"

"Wawili. Wote wakawa makaisari."

"Na ukingoni, kabla herufi hazijasagika, palikuwa pameandikwa mama wa fulani?"

"Hapana, Mama. Jina lake." Tabasamu likamtoka.

"Watoto wawili makaisari, na bado aliandikwa jina lake. Mimi nimezaa mmoja, hata meneja hajawa."

Lerato akatoa kalamu mkobani. Akalikata lile Mama Lerato kwa mstari mmoja, akaandika Amisa juu yake, halafu mkono ukasimama. Nilimwona anatafuta, na hapati.

"Mama," akauliza bila kunitazama, "ulikuwa Amisa nani, kabla ya Baba?"

"Rajab," nikasema. "Na usiharakishe mwandiko."