Picha ya Mkono wa Kushoto

Kliniki nzima ilimwita Mama Vidole, na jina la kwenye cheti lilikuwa karibu kusahaulika. Alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na minane. Mtoto akikaa vibaya tumboni, wenzake walipima, wakabishana, mwishowe mmoja akasema, "Jamani, mwiteni mwenyewe." Alikuja akisugua viganja ili vipate joto, akafumba macho, vidole vikaanza kutembea juu ya tumbo taratibu.

"Kichwa hiki hapa. Makalio haya. Mkaidi huyu, sijui kamrithi nani."

Mjamzito alicheka, na akicheka tumbo hulegea. Hapo ndipo Mama Vidole aliposukuma, kidogo kidogo, mpaka mtoto akageuka.

Mdogo wake, aliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa fundi katika maabara ya chuo. Siku moja alimletea jozi ya glavu nyembamba. Kwenye kila ncha ya kidole kulikuwa na kipande laini kama ganda la kitunguu, kinachojikunja bila kukatika. Alimwambia avae, kisha abonyeze meza. Kwenye kompyuta ikatokea picha ya mikono miwili: alipokandamiza sana paliwaka rangi nyekundu, alipogusa tu pakawa buluu.

"Dada, ukistaafu utaondoka na vidole vyako. Wanafunzi watajifunzia wapi? Hii itawaonyesha unatia nguvu kiasi gani, na wapi."

"Na picha hizi anaziona nani?"

"Mimi na wanafunzi. Basi."

Kwa neno hilo akavaa. Kwa wiki nane alifanya kazi na glavu zile, akiwatania wajawazito kwamba leo tumbo lao linapigwa picha na vidole.

Jumatatu moja asubuhi daktari mkuu alimwita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi, na juu yake picha kama ile ya kwanza, moja kwa kila wiki. Mkono wa kulia ulikuwa mwekundu panapostahili. Wa kushoto, kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilikuwa buluu, wiki baada ya wiki vikizidi kufifia.

"Mama, usinielewe vibaya," daktari alisema. "Mkono huu umepungua nguvu. Siwezi kukuacha ushike wajawazito mpaka upimwe. Kuanzia leo utakaa mapokezi."

Ganzi ya mkono wa kushoto aliijua. Kila asubuhi alikuwa akiukung'uta mkono ule kabla ya kufunga vifungo vya sare, akijiambia ni kulalia vibaya. Lakini kilichomuumiza hakikuwa ganzi. Chini ya karatasi palikuwa na sahihi, na sahihi ile aliijua tangu alipokuwa akiichora kwa chaki ukutani, mkono wa mdogo wake ndani ya wake, akimfundisha kuandika.

Hakusubiri jioni. Alimkuta maabara, ameinamia glavu nyingine kwa sindano na uzi.

"Uliona lini?"

Mdogo wake akaweka sindano chini. Hakujifanya haelewi. "Wiki ya pili."

"Wiki ya pili! Umekuja kwangu mara ngapi tangu hapo? Tumeosha vyombo pamoja. Umepokea sahani kutoka mkono huu huu, ukanyamaza."

"Ningekuambia ungekataa. Nakujua, dada. Ungesema umelalia vibaya."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Akavuta kiti, akakaa. "Basi ulihofia usalama wa wajawazito. Hilo naweza kulimeza. Ungekwenda kwa daktari siku ile ile. Mbona umengoja wiki sita zaidi?"

Mdogo wake akatazama dirishani.

"Niangalie mimi."

"Wakubwa wa chuo walitaka ushahidi," alisema kwa sauti ndogo. "Kwamba glavu inaona kitu ambacho jicho halioni. Picha moja isingetosha. Ilibidi ionekane inavyoshuka, wiki hadi wiki."

"Kwa hiyo ulikaa ukinitazama ninavyoshuka."

"Dada..."

"Na wale wanawake niliowashika wiki hizo sita? Hofu yako ilikuwa imekwenda wapi?"

Mama Vidole akainuka, akatoka, na njia nzima hakuitikia salamu ya mtu.

Vipimo vilionyesha mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Alipasuliwa. Kwa miezi minne alikaa mapokezi akiandika majina na kufinya mpira wa sponji chini ya meza, mpaka vidole vikaanza kuamka kimoja kimoja. Daktari wa mifupa alipomruhusu, wenzake wa chumba cha uzazi walimpigia makofi, na mmoja akasema afadhali, maana matumbo yalikuwa yameanza kuwashinda.

Wiki hiyo kliniki iliitisha kikao: wakunga wote wavae glavu. Mdogo wake alikuwa upande wa pili wa meza, na kalamu. Mama Vidole akaomba kusema.

"Nitavaa. Kifaa hakina kosa, kimenionyesha ugonjwa niliokuwa nauficha. Lakini mwenye mkono ndiye awe wa kwanza kuona picha yake, siku hiyo hiyo. Kisha aende kwa daktari mwenyewe, na anayetunza picha ahakikishe ameenda. Liandikwe."

Daktari mkuu alikubali. Mdogo wake aliandika neno kwa neno.

Kikao kilipokwisha alimkimbilia koridoni. "Dada, hata simu yangu hupokei. Mama anauliza. Nimekosa, nimekiri. Yamekwisha?"

Mama Vidole alimtazama usoni, akaona macho yamevimba. Alitamani kusema ndiyo, na neno likagoma.

"Mkono umepona," alisema. "Hayo mengine bado. Sitakudanganya."

Muuguzi alikuwa akimwita kutoka mlangoni: kuna mjamzito, mtoto amelala upande. Akaanza kusugua viganja, akaenda.