Ming'oko ya Chini ya Mkorosho

Mimi maua nayapenda, na anayeona ni kazi ya wavivu shauri yake. Hapa Nachingwea majirani walinicheka: "Mama Shadya, kivulini mwa mkorosho hata majani hayaoti, wewe unapanda maua?" Nikayapanda. Nilichanganya mavi ya mbuzi na majani ya mkorosho yaliyooza, na mvua za Desemba zilipokolea yakapanda uzio mzima, mekundu yenye ncha za njano. Wale wale wakaja kupigia picha hapo.

Maua hayo huota kutoka kwenye mizizi minene kama vidole. Kiangazi shina likikauka, naichimba mizizi na kuifukia kwenye chungu cha mchanga mkavu, jikoni, mpaka mvua irudi. Ni sumu. Binti yangu Shadya ni mdogo, lakini anajua chungu kile hakiguswi.

Juzi mama mkwe, Bi Stumai, alikuja kutoka Narung'ombe. Nampenda kwa shida, sifichi. Chakula kikiiva yeye ndiye wa kwanza kutia mkono, anatafuna taratibu huku mjukuu anamkodolea macho kwa njaa. Nilishamlalamikia mume wangu Isihaka: "Mama yako mroho." Akanijibu, "Ndivyo alivyozoea." Yakaishia hapo.

Jana nikaenda sokoni, nikawaacha yeye na Shadya. Niliporudi adhuhuri nikasikia harufu ya kitu kinachochemka. Jikoni chungu changu kimelazwa ubavu, mchanga umemwagika sakafuni. Ndani ya sufuria mizizi yangu ilikuwa imemenywa vizuri na kutiwa chumvi.

Ming'oko! Kiangazi ndiyo majira yake, na huku kwetu nani asiyeichimba porini akachemsha? Mama mkwe aliona mizizi mirefu mchangani akadhani nimeweka akiba ya ming'oko, nami sikuwa nimemwonya.

"Shadya!" Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. "Shadya we!"

Alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, amenuna na kibakuli mkononi. Nilimshika taya, nikamfungua mdomo, nikapitisha kidole mpaka kooni. Akaangua kilio.

"Umekula? Sema! Umekula?"

"Bibi kaninyima," alisema kwa kwikwi. "Kala mwenyewe. Kasema mpaka kivuli kifike kwenye kinu ndiyo nile."

Nikageuka. Mama alikuwa mkekani, ameegemea shina, mkono tumboni, jasho linamtiririka usoni.

"Mizizi hapewi mtoto kwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mwaka wa njaa tulikula ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu. Mdogo wangu alilia njaa, akapewa kwanza. Akafa. Tangu siku hiyo mimi naonja, nangoja. Hii inachoma ulimi. Usimpe."

Kisha akatapika.

Nilipiga kelele mpaka bodaboda akasimama. Tulimweka mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, mzizi mmoja nimeufunga pembeni mwa khanga ili waganga wa hospitali wauone. Njia nzima nilimsemesha, na kila aliponyamaza nilihisi roho yangu inatoka. Ee Mungu, niachie mama huyu.

Daktari aliutazama ule mzizi. Alisema sumu yake hujificha, mtu huonekana kapata nafuu kisha anazidiwa. Tungoje.

Leo asubuhi kutapika kumekoma, na hilo ndilo linanitisha zaidi. Daktari ameruhusu ale kidogo kidogo. Isihaka amekuja na Shadya na chupa ya uji. Nikamimina kikombe, nikampa mtoto, maana alikuwa hajatia kitu tumboni.

Mama alifumbua macho. Midomo imempasuka, lakini alinyoosha mkono.

"Lete hapa kwanza," alisema.

Sikununa. Nilikichukua kikombe kwa Shadya nikakipeleka midomoni mwa mama, akaonja. Tukangoja, yeye akimwangalia mtoto, mimi nikimwangalia yeye.