Mzee Zoilo Hayumo Kwenye Kitabu Chake

Jana usiku nilikula makongoro, ile supu ya kwato za ng'ombe, nikalala, na katika ndoto nikaitwa Roma kutoa ushahidi. Mimi nauza nyama ya mbuzi hapa Korogwe, na Roma sijawahi kufika. Sikuhitaji nauli. Nilifungua friji ya buchani nitoe paja, nikaingia kwenye chumba kilichojaa vitabu hadi darini. Nje ya dirisha palikuwa Sevilla, kule Uhispania. Hakuna aliyeona tatizo.

Mezani alisimama mzee mwenye joho jeusi la kipadri. Alisema anaitwa Zoilo de Arévalo, na kazi yake ni kuorodhesha kila Mhispania aliyewahi kuandika kitabu. Alizungumza Kilatini. Nilielewa kila neno, ingawa shule niliachia darasa la nne. Akanieleza kwamba alikufa miaka mia tatu iliyopita, ila hawezi kulala kaburini kwa sababu kazi haijaisha. Vitabu vimemshika.

Nikatazama chini. Kweli, vimeuma pindo la joho kama mbuzi wanavyouma nguo kwenye kamba. Kimoja, chenye jalada la ngozi ya mbuzi, kinaniangalia.

"Wewe ndiye uliyemchinja mjomba wangu," kinasema.

"Nimechinja wengi."

"Alikuwa na baka jeupe."

"Huyo alikuwa mnono," nikasema. Kikaridhika, kikaendelea kuuma joho.

Nilimuuliza mzee amebaki nani wa kuorodheshwa. Amebaki yeye mwenyewe. Ameandika kitabu, ni Mhispania, kwa hiyo lazima awemo. Lakini ana kanuni yake: haingizi jina la mtu mpaka kitabu cha mtu huyo kiwe kimeonwa kwa macho na mwingine. Marafiki zake wangemshuhudia, ila wote walikwisha kufa, nao walilala vizuri.

"Si ujiandike tu, mzee wangu," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Mimi."

Hapo kitabu kinene kikashuka rafuni na kujitolea kuwa shahidi. Kilijitambulisha kuwa historia iliyoandikwa na askofu miaka elfu moja iliyopita. Kila kilipokanyaga kiliacha wino mbichi.

"Umeandikwa juzi," mzee akakiambia. "Na huyo askofu wako hakuwahi kuzaliwa."

"Hata hivyo nasomeka vizuri," kikajibu bila haya.

Mzee akakitupa nje dirishani. Aliniambia vitabu vya uongo kama hicho vimemlia nusu ya maisha yake, na kwamba hurudi kupitia mlango wa uani. Kikarudi kupitia mlango wa uani.

Tukaondoka kwenda herufi ya Z. Ndipo nilipogundua kwamba chumba kilikuwa kitabu chenyewe, na kila herufi ni ukumbi. Mzee amewapanga watu kwa jina walilobatizwa, si kwa jina la ukoo, na Wahispania wana majina machache wanayoyapenda sana. Kwa hiyo kwenye J tunakwama. Ukumbi umejaa akina Juan, bega kwa bega.

"Juan, tupishe," mzee anasema.

Wote wanageuka. Wote wanauliza, "Mimi?"

Nikapita kwa viwiko kama watu wanavyopita buchani kwangu siku ya Idi, nikimvuta mzee kwa mkono, vitabu vikiburuzika nyuma.

Ukumbi wa Z ulikuwa karibu mtupu. Ukutani palikuwa na nafasi nyeupe, ya kutosha jina moja. Mzee akanikabidhi kitabu chake. Tulikuwa bado ndani yake, lakini nilikibeba.

"Sema umekisoma," kile cha uongo kikaninong'oneza. "Sema chote. Mzee wa watu amechoka."

Alikuwa amechoka kweli. Lakini mimi mizani yangu sijawahi kuichezea, na sikuona sababu ya kuanza nikiwa usingizini.

"Mzee Zoilo," nikasema, "sijawahi kumaliza kitabu chochote tangu nizaliwe. Hiki sijakisoma, na sitakisoma."

Akainamisha kichwa. Vitabu vikakaza meno.

"Lakini kipo. Nimekishika. Kizito kama ubavu wa ng'ombe, na akina Juan wamezidi."

Akainua uso. "Umekiona kwa macho yako?"

"Kwa yote mawili."

"Kanuni inasema kuona," akasema polepole. "Ingekuwa kusoma, hata herufi B nisingefika."

Akachovya kalamu, akaandika ukutani. Vitabu vikaachia joho, kimoja baada ya kingine, vikarudi rafuni bila kuaga. Mzee akavua viatu, akavipanga, akalala sakafuni chini ya jina lake. Hakuchelewa kukoroma.

Nikaamshwa na mke wangu, Tausi. Alisema wateja wake wa supu wameshafika, na mimi nimejilaza kama bwana harusi; nimpigie Zuberi alete mkaa. Nikachukua simu, nikashuka hadi mwisho wa majina. Zena Maziwa. Zuberi Mkaa. Katikati yao palikuwa na jina lingine, halina namba: Zoilo Vitabu.

Tausi aliapa hajaigusa simu yangu. Akauliza huyo ni nani, na kama hana namba, alifute?

"Mwache," nikamwambia. "Amelala."