Masikio Sita ya Kinyozi

Brashi, mchoraji wa vibao, alikuwa na kichwa kigumu, na wala hakuficha. Asubuhi hiyo dada yake mkubwa alimpigia simu: mdogo wao wa kiume anaozesha binti Jumamosi, na anauliza kama kaka atakuja.

"Nipe jibu leo," dada akasema. "Nimechoka kuwa posta yenu."

Brashi akajibu kwamba yeye hana kinyongo na mtu, ila moyoni mwake alishamfuta mdogo huyo tangu huyo alipouza cherehani ya marehemu mama bila kumuuliza. Miaka kumi na minane hiyo. Akakata simu, akabeba makopo yake ya rangi, akaenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa kinyozi, kukipaka rangi upya kibao alichokichora mwenyewe zamani, siku zile ambapo ukitaka duka lako lijulikane, unamwita Brashi. Vichwa sita vya wanaume, kila kimoja na mtindo wake wa nywele. Jua lilikuwa limeyala mashavu. Akapanda ngazi, akafuta vumbi kwa kitambaa, na moyo ukamlainika kidogo. Alikuwa na mkono mwepesi kweli siku zile, asikudanganye mtu. Kisha akaisogeza miwani.

Sikio la kushoto la kichwa cha kwanza lilikuwa na pengo kwa juu, kama limemegwa. La kichwa cha pili hivyo hivyo. Akaendelea mpaka la sita. Aibu ikampanda hadi utosini. Fundi mzima, unachora tangazo la kinyozi na kila mteja umemkata sikio! Akachovya brashi kwenye rangi ya kahawia azibe haraka kabla mtu hajaona.

"Hayo masikio usiyaguse," kinyozi akasema kutoka chini, taulo begani.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Mtaa mzima unajua. Mwanzoni nilitaka nikufuate nikunyonge. Watu walikuwa wanaingia hapa wameshika masikio yao. Baadaye ikawa ndiyo jina, twende kwa Masikio. Nikasema basi, aliyechora ana sababu zake."

"Sina sababu yoyote. Mkono uliteleza."

"Mara sita, palepale?" kinyozi akasema, akarudi ndani kwa mteja wake.

Brashi akabaki juu ya ngazi, brashi inadondosha rangi kwenye kiatu. Chumba cha mama kikamrudia chote: harufu ya mafuta ya cherehani, vipande vya vitambaa sakafuni, mama katoka kumpelekea mteja gauni. Yeye ana miaka tisa, anajifanya kinyozi. Mdogo wake ana sita, kakaa kwenye kigoda na shuka shingoni, katulia tuli kwa kuwa kaka kasema atulie. Mkasi wa mama ulikuwa mkali, ukalimega sikio lake la kushoto kwa juu. Mama aliporudi akakuta damu, akauliza nani kafanya haya, na yule mtoto, kamasi zinamtoka kwa kulia, akasema kachanwa na waya wa uzio. Akashikilia hapo hapo. Mama alikufa akiamini ni waya.

Na kibao hiki Brashi alikichora mwaka uleule wa ugomvi, huku akiapa mbele za watu kwamba hataki hata kumwona. Alikuwa amemkumbuka. Miaka yote hiyo alikuwa akimkumbuka mdogo wake, na aliyekuwa hajui ni yeye peke yake.

Akateremka, akatoa simu, akaitafuta namba ambayo dada alimwekea na ambayo hakuwahi kuipiga. Ilipopokelewa, salamu zote zikampotea.

"Sikio lako linaendeleaje?" akauliza.

Upande wa pili kulikuwa na pilikapilika za harusi. Zilisikika sauti za watu wakikokota viti.

"Mama sikumwambia kamwe," mdogo wake akasema taratibu. "Unakuja, kaka, au huji?"

"Nakuja."

Akajifuta macho kwa kile kitambaa cha vumbi, akapanda tena ngazi. Akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akaanza kuyakoleza yale mapengo sita, ili hata mtu aliye ng'ambo ya barabara ayaone.