Upande Aliopewa Gobert

Paris ya karne ya kumi na tatu, mwanafunzi hakuhukumiwa kwa alichosema kwenye mjadala. Mwalimu ndiye aliyegawa pande asubuhi: wewe tetea hili, wewe lipinge. Hata ukipewa upande wa ibilisi uliutetea kwa nguvu zote, jioni ukala na kulala, dhamiri safi.

Gobert alipewa hoja ya Wagiriki wa kale, kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo. Kabla ya kengele alimvuta kando Evrard, rafiki yake waliyetoka naye kijiji kimoja, huku ameshika tumbo. Alilalamika kwamba samaki wa chumvi wa jana walikuwa wameoza, na akisimama ataaibika mbele za watu.

"Nisitiri, ndugu yangu. Wewe kichwa chako huchemka hata bila moto."

Evrard akamsitiri. Kama kila mwendo huzaliwa na mwendo uliotangulia, aliuliza, huo wa kwanza ulizaliwa na nini? Wapinzani walibaki kukuna vichwa. Watu wakasema kibali cha kufundisha ameshakipata, bado kukabidhiwa tu. Bila kibali hicho angerudi kukwangua ngozi kwa baba yake.

Wiki hiyohiyo askofu akaipiga marufuku hoja ile pamoja na nyingine nyingi. Aliyeitetea kwa hiari yake, kwaheri kibali. Evrard hakushtuka. Upande ule ulikuwa wa kupangiwa.

Kwenye baraza la kuwahoji waliotetea hoja zile, Mwalimu Raoul aliulizwa alimpa nani upande ule. Raoul alikuwa mtu mkweli, akajibu kwa kifupi: alimpa Gobert. Basi Evrard alisimama kwa kupenda kwake.

Evrard akaeleza habari za tumbo, kisha akamgeukia Gobert amalizie. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Sikuumwa mimi," Gobert alisema, macho kwenye viatu vyake. "Alinibembeleza nimwachie. Hoja ile anaipenda tangu zamani."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma Evrard zaidi. Nani mwingine angelijua? Mtu pekee aliyewahi kuambiwa alikuwa Gobert, wakigawana mkate.

Kibali kikaenda na maji. Nje, Gobert alimfuata mbiombio, akimwambia asikate tamaa, mwenye akili hapotei, ila yeye Gobert hana kitu zaidi ya mjomba wake anayefanya kazi kwa askofu.

Evrard akasimama. "Huyo mjomba alikuambia lini kwamba hoja itapigwa marufuku?"



"Jumapili."

Mjadala ulikuwa Jumatatu.

Evrard hakumpiga, ingawa mkono ulimwasha. Alipanda chumbani kwao, akachukua blanketi walilojifunika wote wawili tangu mwaka wa kwanza, blanketi pekee walilokuwa nalo, na baridi ya Machi bado ilikuwa kali. Akalikunja, akalitia kwapani, akashuka ngazi. Hakulikata nusu.