Mrushaji wa Meneja

Tangu alfajiri Niyongabo alikuwa akipakua makontena katika ghala la Smithfield. Saa nne akaambiwa avae nguo nyeupe aende kiwanjani. Kampuni ilikuwa na mechi ya kriketi na majirani zao, na bila yeye hawakuwa na mrushaji wa mpira. Bega la kulia lilimuuma hata kuinua chupa ya maji ilikuwa shida, lakini meneja alimwahidi: arushe vizuri msimu huu, ataandikwa kazi ya kudumu. Mwaka jana pia alimwahidi hivyo hivyo.

Kabla ya mapumziko aliwatoa wapigaji wanne. Kendi, Mkenya wa ofisini, akamvuta kando.

"Buda, usijiumize bure. Ile permanent wamepea nephew wa boss. Email ilitoka jana."

"Jana? Na leo wananiita nirushe?"

"Si ndio maana hawakukushow."

Niyongabo akaenda kumtafuta meneja. Penye meza ya sandwichi, meneja alikuwa akiwasimulia wageni asili ya mchezo. Ulianza na watoto wa wachungaji huko Uingereza, kwenye malisho ya kondoo. Baadaye mabwana wenye mashamba wakaupenda, wakawekeana dau, wakaajiri watunza bustani wenye mikono mizuri ya kurusha.

"Bwana anapiga, mtunza bustani anarusha," alisema, akamgonga Niyongabo begani, bega lile lile bovu. "Na mimi ninaye wangu!"

Wageni wakacheka. Meneja hakuona haya hata chembe.

"Na mkono wake ukiharibika?" Niyongabo akauliza.

"Anatafutwa mwingine, rafiki yangu."

Mchezo ulipoanza tena, meneja akamtupia mpira. Niyongabo akauacha uanguke majanini.

"Bega limekufa. Rusha wewe."

"Unanitania? Watu wameweka dau hapa!"

Niyongabo akachukua begi lake, akatoka kiwanjani na nguo zao nyeupe mwilini.

Hata basi halijafika, simu ikalia: shifti zake zote za wiki ijayo zimefutwa. Ujumbe wa pili ulitoka kwa meneja mwenyewe: "Kule kanisani kwenu, hakuna kijana mwingine anayeweza kurusha?"

Niyongabo akamtusi kwa Kirundi, peke yake pale kituoni. Kisha akampigia Juvénal, shemeji yake, ambaye bado alikuwa akitafuta kazi.

"Shemeji, hawa watu wa ghala wakikuita, enda. Lakini wakiuliza mambo ya kriketi, sema hujawahi kushika mpira."